Spika na Amplifaya za Zamani Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu vyombo vya muziki vya nyumbani vya miaka ya 1960 hadi 1990: spika, amplifaya, rediogramu na vinanda vya santuri. Kabla ya swali la kwanza, shika hili: chombo kilicholala miaka mingi usikichomeke kwenye stima ili kujaribu tu. Kinaweza kuvumilia miaka 30 stoo kisha kiungue dakika ya kwanza ya kujaribiwa. Pima kwanza, washa baadaye.

Nianze kukusanya nini?

Spika. Ugonjwa wake unaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, na makosa ya mwanafunzi hayarushi cheche. Tafuta jozi ya njia mbili, yaani woofa moja (ya sauti nzito, besi) na twita moja (ya sauti nyembamba) kila kasha, yenye woofa ya inchi 6 hadi 8. Majina ya Uingereza kama Wharfedale, KEF, Celestion na Goodmans ni shule nzuri: yametengenezwa kwa skrubu, yanafunguka, na maelezo yake yameandikwa sana. Rediogramu ni nzuri kwa macho, lakini ndani yake kuna redio, amplifaya, kinanda na spika vyote vikiwa vimezeeka pamoja. Iache iwe kazi ya tatu au ya nne.

Ninunue wapi hapa mjini?

Luthuli Avenue na River Road ni mahali pa vipuri na mafundi kuliko mahali pa spika za zamani zenyewe. Spika nzuri hutoka majumbani: watu wanaohama Lavington, Karen au Westlands wakiuza vyombo, minada, na familia zinazofungua stoo ya babu. Vyombo vya mitumba kutoka Uingereza vina faida moja kubwa, vilitengenezwa kwa umeme wa volti 240 na hezi 50 kama wetu. Santuri kazitafute Kenyatta Market.

Nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Beba multimita, betri moja ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya. Vua kitambaa cha mbele na uguse ukingo wa woofa kwa ncha ya kidole. Ukingo huo ukiwa wa sponji iliyooza hunata, au huacha unga mweusi kidoleni.

Kisha pima omu nyuma ya kasha. Spika ya omu 8 huonyesha kati ya 5.5 na 7 hivi. Ya omu 4 huonyesha 3 na kidogo. Usishtuke namba ikiwa chini ya ile iliyoandikwa, kwani mita hupima waya wa koili peke yake, ule uliozungushwa nyuma ya koni, sehemu ya mbele inayotikisika. Mita isipoonyesha kitu, koili imekatika au waya umeachana mahali. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki kinakuambia habari za woofa tu. Twita imekaa nyuma ya kapasita, na kapasita haipitishi mkondo wa mita.

Weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, pande zinazokabiliana, uisukume ndani polepole kama milimita 3. Ikienda kimya, koili imekaa katikati. Ukisikia mkwaruzo kama wa kucha kwenye karatasi, koili inasugua sumaku, na bei ishuke au uondoke.

Mwombe muuzaji apige spika moja moja, kwa sauti ya chini, wimbo wenye mtu anayeimba. Yeye atataka kuongeza sauti. Sauti kubwa huficha twita iliyokufa na jozi isiyolingana. Ukiweza, fungua skrubu za woofa zote mbili usome namba nyuma ya sumaku, maana jozi nyingi zina woofa moja ya kiwandani na nyingine ya kubandikwa. Na pale bandiko linapotaja maelfu ya wati za PMPO (nguvu ya kilele ya kutangazia biashara), hicho si kipimo cha kitu chochote.

Nizisafirishe vipi?

Zilaze chali kwenye gari, juu ya godoro au blanketi. Sumaku za woofa nyingi zimeshikiliwa na gundi, na shimo moja la barabarani linaweza kuisogeza sumaku nywele moja tu. Nywele hiyo inatosha kubana koili.

Sponji ya woofa imeoza yote. Spika imekufa?

Hapana, na hii ndiyo kazi inayolipa kuliko zote. Sponji hiyo ni ya poliyurethani, na unyevu pamoja na mwanga huivunja taratibu hata spika isipopigwa. Miaka 15 au 20 ni umri wake wa kawaida. Ukingo wa raba huishi muda mrefu zaidi, na ule wa kitambaa kilichopakwa dawa unaweza kumzika mwenyewe. Kwa hiyo woofa yenye sponji iliyomeguka kwa kawaida ina koni, koili na sumaku vizuri kabisa. Isipokuwa mtu aliendelea kuipiga ikiwa hivyo: koni isiyoshikiliwa hucheza upande upande na kukwaruza koili.

Agiza sponji kwa vipimo, si kwa jina la "inchi 8". Woofa mbili za inchi 8 zinaweza kuwa na koni zinazotofautiana kwa zaidi ya sentimita. Pima vitu vinne: kipenyo cha nje ambapo sponji inakaa kwenye fremu, kipenyo cha ndani cha sehemu hiyo ya fremu, kipenyo cha koni ukingoni, na upana wa mkunjo wenyewe. Angalia pia kama sponji ya zamani ilibandikwa juu ya koni au chini yake. Rudisha ilivyokuwa.

Kazi yenyewe ni ya jioni mbili. Toa woofa kwenye kasha, lakini ishike bisibisi kwa nguvu na uifunike koni kwa kipande cha kadibodi, kwa sababu sumaku huivuta bisibisi ghafla na ncha yake hupita kwenye koni kama sindano kwenye kitambaa. Weka alama upande wa juu na waya wa chanya. Bandua sponji ya zamani kwa kisu butu, kisha safisha fremu kwa kitambaa chenye spiriti hadi uone chuma. Kwenye koni ya karatasi tumia spiriti kidogo sana, ukizungusha kidole ndani ya kitambaa. Thina usiilete karibu. Koni za Bextrene, zile nyeusi za plastiki zilizomo kwenye KEF nyingi za zamani, zinaharibiwa na thina.

Bandika sponji kwenye koni kwanza, kwa gundi nyeupe ya PVA inayokauka bila rangi, tabaka jembamba. Wacha usiku mzima. Siku ya pili paka gundi kwenye fremu, laza sponji, na sasa ndipo pa kutafuta katikati. Njia rahisi ni kuunganisha woofa kwenye amplifaya na kupiga mlio wa hezi 30 kutoka kwenye simu, sauti ndogo, mpaka koni icheze milimita 3 hivi. Sogeza sponji kidogo kidogo huku ukisikiliza. Mkwaruzo ukipotea kabisa, zima, bana ukingo kwa vibanio vya nguo na usiiguse kwa saa 24. Baridi ya Julai huchelewesha gundi, basi ongeza siku.

Njia ya pili ni kukata kofia ya katikati kwa wembe na kuingiza vipande vinne vya karatasi ngumu kati ya koili na nguzo ya sumaku. Ni ya uhakika zaidi, lakini kofia ikirudishwa ovyo itaonekana milele.

Kinachoharibika mara nyingi: gundi nyingi, ambayo huongeza uzito wa koni na kubadilisha besi, gundi ya papo hapo, ambayo hukauka kama kioo na kupasuka, na kubadilisha upande mmoja tu. Fanya zote mbili siku moja, kwa sponji za aina moja.

Fundi anasema ni rahisi kubadilisha koni na koili nzima. Nikubali?

Tunakusihi ukatae mpaka uhakikishe koili imekatika. Koni zinazouzwa madukani kwa kazi hiyo ni nzito, zimekusudiwa spika za matatu na za kanisa. Woofa ya nyumbani ilipimwa uzito wake, ugumu wa spaida yake (kile kitambaa cha mikunjo kinachoshika koili nyuma) na ujazo wa kasha lake vikiwa kitu kimoja. Ukiivika koni nzito itapiga kelele, lakini besi itakuwa ya kudunda na sauti ya mwimbaji itatoka kama amefunikwa blanketi. Na spika hairudi tena, kwa sababu koni ya asili imeshatupwa. Kama koili kweli imekatika, angalia kwanza pale waya mwembamba unapoungana na ule wa kusukwa nyuma ya koni. Mara nyingi umekatikia hapo hapo, na tone moja la risasi ya kuchomea linatosha.

Kasha halina tundu la hewa. Nitoboe ili kupata besi?

Usitoboe! Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani wa kampuni ya Acoustic Research, alitoa AR-1, spika ambayo hewa iliyofungiwa ndani ndiyo chemchemi ya woofa. AR-3 na spika nyingi zilizofuata zinafuata kanuni hiyo. Kasha likivuja, woofa inapoteza breki. Jaribu hivi: sukuma koni polepole kisha iachie. Ikirudi taratibu, kasha limeziba vizuri. Ikiruka mara moja, tafuta tundu kwenye skrubu, kwenye mshono wa nyuma au kwenye kofia ya katikati. Pamba au sufi iliyo ndani isitolewe wala isiongezwe, ni sehemu ya hesabu.

Twita haisikiki.

Geuza kwanza kile kitasa cha nyuma cha kurekebisha sauti nyembamba, kama kipo, mara 20 kwenda na kurudi. Kutu ndani yake hukata twita. Kisha ichomoe twita na kuipima: ikionyesha omu 3 hadi 7, iko hai na ugonjwa uko kwenye krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya woofa na twita. Isipoonyesha kitu, koili yake imeungua. Tafuta ya namba ile ile. Twita ya namba nyingine, hata iwe ghali, hailingani na krosova.

Kapasita za krosova zibadilishwe?

Zile za elektroliti, zenye umbo la mkebe mdogo, zikishafika miaka 30 zipime au uzibadilishe. Zinapokauka ukinzani wake wa ndani hupanda, na twita hupoteza nguvu polepole hivi kwamba mwenye nyumba hatambui. Nunua zisizo na upande wa chanya na hasi, za thamani ile ile ya mikrofaradi, na volti zisizopungua 50. Kapasita ya kawaida ya amplifaya, yenye mstari wa hasi, haifai hapa.

Kapasita za plastiki haziharibiki upesi na ni bora, ila zina jambo lake. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo kuliko ule ambao mtengenezaji aliuhesabu, kwa hiyo twita inaweza kutoka kali kuliko awali. Rezista ya omu 0.5 ya wati 5 ikiwekwa mfululizo na kapasita mara nyingi hurudisha utulivu. Koili za krosova na rezista zake za seramiki kwa kawaida ziache.

Niwashe vipi amplifaya iliyolala miaka 20?

Kwa taa. Chukua soketi ya ukutani, kishikio cha balbu na waya, uunganishe balbu mfululizo kwenye waya wa laivu, kiasi kwamba umeme wote wa amplifaya lazima upite kwenye balbu. Balbu iwe ya waya, ya wati 60 au 100, au halojeni. LED haifanyi kazi hii. Toa spika zote, weka sauti sifuri, washa.

Balbu ikiwaka kwa nguvu sekunde moja au mbili kisha ikafifia, hiyo ni afya: kapasita kubwa zimejaa. Ikibaki inang'aa, kuna njia ya mkato ndani, mara nyingi transista za mwisho au daraja la dayodi, na balbu imekuokoa. Zima.

Ikififia, iache hivyo dakika 15, unusu kama kuna harufu, kisha pima volti za DC (umeme wa mkondo mmoja) kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ikivuka milivolti 100, usiunganishe spika mpaka fundi aone, kwa sababu mkondo huo utasukuma koili upande mmoja na kuichoma.

Ukifungua kifuniko, chomoa waya ukutani na umwage chaji iliyobaki kwenye kapasita kubwa kwa rezista ya omu 1,000 ya wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki kwa dakika moja, halafu hakikisha kwa mita kwamba imeshuka. Bisibisi usitumie. Amplifaya ya valvu ni habari nyingine: ndani kuna volti 300 na zaidi, na njia hiyo ya rezista haifai. Mpe fundi aliyezizoea.

Nimepata Sansui au Pioneer ya volti 100 au 120. Itafanya kazi hapa?

Tazama kwanza nyuma au chini kama kuna kibadilishi cha volti chenye 240. Kikiwepo, kigeuze chombo kikiwa kimechomolewa, na ubadilishe fyuzi. Kwa 240 fyuzi inakuwa karibu nusu ya ile ya 120.

Kisipokuwepo, nunua transfoma ya kushusha. Soma wati zilizo nyuma ya amplifaya uzidishe kwa 1.5, hivyo ya wati 200 inahitaji transfoma ya wati 300. Iwe transfoma ya kweli, nzito, ya chuma na shaba. Vile vigeuzi vyepesi vya vyombo vya kukaushia nywele hukatakata umeme na vinaharibu amplifaya. Na chombo cha soko la Japani ni cha volti 100 kamili. Transfoma ya 110 inampa asilimia 10 zaidi kila saa, kwa hiyo tafuta yenye tundu la 100.

Kinanda changu cha santuri kutoka Marekani kinazunguka polepole hata kwenye transfoma.

Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Marekani hutumia hezi 60, sisi 50, na mota ya AC iliyofungwa kwenye hezi hupunguza mwendo kwa moja ya sita. Santuri ya mizunguko 33⅓ inakwenda 27.8, ya 45 inakwenda 37.5, na sauti hushuka kwa nusu-toni tatu na ushee: mwimbaji wa kike anageuka mwanamume. Dawa ni puli ya mota ya hezi 50, ambayo kipenyo chake ni asilimia 20 kubwa zaidi. Jua kali mwenye mashine ya kukereza anaweza kuitengeneza kwa shaba, lakini mpe puli ya asili na umwambie vipimo kwa sehemu za mia za milimita. Ikiyumba, muziki utayumba nayo. Vinanda vya mota ya DC, kama Technics SL-1200 iliyotoka 1972, havina shida hii.

Sindano iwe na uzito gani?

Katriji (kichwa kinachoshika sindano) nyingi za sumaku hutaka gramu 1.5 hadi 2.5. Zile za seramiki za rediogramu hutaka gramu 4 hadi 6. Kulegeza chini ya kiwango hakulindi santuri. Sindano inarukaruka na kuchimba kuta za mfereji. Santuri za 78 zina mfereji mpana na zinahitaji sindano yake, ncha yenye nusu-kipenyo cha milimita 0.076 hivi dhidi ya 0.018 ya LP.

Kitasa cha sauti kinakwaruza.

Nyunyiza dawa ya kusafishia kontakti, ile yenye mafuta kidogo ya kulainisha, kupitia upenyo mdogo nyuma ya kitasa, kisha kizungushe mara 30. Usitumie ile ya kulegeza skrubu zenye kutu, huyeyusha grisi ya ndani na kitasa kinalegea. Mkwaruzo ukirudi baada ya siku mbili, si uchafu: kuna kapasita inayovujisha DC kwenye kitasa.

Kuna mlio wa "mmmm" usiokoma.

Ukitokea kwenye kinanda tu, ule waya mwembamba wa ardhi haujafungwa kwenye skrubu ya amplifaya. Mlio mzito wa hezi 50 ni mambo ya ardhi na nyaya. Ule wa hezi 100, mkali kidogo na usiobadilika ukipunguza sauti, ni kapasita kubwa za amplifaya zilizochoka. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi ili kuutibu. Unaondoa mlio na kuweka mauti mahali pake.

Amplifaya ya wati 100 itaua spika za wati 40?

Ukiisikiliza kwa busara, haitaziua. Amplifaya ndogo inayolazimishwa hadi sauti ikwaruze ndiyo huua twita, kwa sababu mawimbi yaliyokatwa vichwa yana nguvu nyingi za sauti nyembamba.

Nawezaje kupiga muziki wa simu?

Ingiza kwenye AUX au TAPE, kamwe si PHONO, ambayo hukuza sana na kubadilisha sauti kwa kipimo cha RIAA, kile cha kurekodia santuri. Philips na Grundig za zamani zina tundu la DIN la pini tano: kwenye lile la tepu, pini 3 ni kushoto, 5 kulia, 2 ni ardhi. Plagi ya DIN ya spika ina pini bapa na ya duara. Ya duara ni chanya.

Mende wamejaa ndani ya amplifaya.

Wanafuata joto la transfoma, na kinyesi chao kikishika unyevu hupitisha umeme kati ya njia za saketi. Usinyunyize dawa ndani. Fungua, piga hewa, sugua bodi kwa mswaki laini wenye isopropili, acha ikauke siku nzima. Mashimo ya hewa yafunike kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, sio kitambaa: tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na hupoza kidogo, kwa hiyo amplifaya inahitaji nafasi ya angalau sentimita 10 juu yake. Na usiipandishe kabatini karibu na jikoni.